Mzee Felisian Masatu, Msomaji wa Matope ya Mawe Mawili

Baada ya miaka ishirini na saba kamili ya utumishi, Mzee Felisian Masatu anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Juni 1996. Kwa kuwa Jumapili ni siku ya misa, tunamuaga leo Ijumaa, chini ya bati lile lile lililompokea tarehe 1 Julai 1969, alipoingia kituoni akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, cheti cha darasa la nane na viatu vya kuazima. Viatu vilirudishwa kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Yeye alibaki.

Wageni wanaofika kwenye kituo chetu cha kupima maji hapa Musoma hutegemea kuona chupa. Chupa zipo, lakini wakiingia chumba cha nyuma wanakuta rafu tatu za sahani za kioo zenye matope: matope ya mto Mara, matope ya Guta kule Bunda, matope ya vijito vinavyoteremka kutoka Butiama, mchanga wa Kiriba na wa Bukima. Mgeni akiuliza kwa nini kituo cha maji kinafuga matope, sote huelekeza kidole kwa Mzee Masatu. Naye hujibu vile vile kila mara, kwamba maji ni mgeni na matope ni mwenyeji, na ukitaka habari za nyumba, muulize mwenyeji.

Alizaliwa Bukima mwaka 1941, katika nyumba ya wavuvi na wakulima wa mihogo. Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kuosha chupa. Inasemekana wiki ya kwanza alivunja tatu, na zote alikwenda kuzisema mwenyewe kabla mtu hajaona vipande. Mwaka uliofuata akapandishwa kuwa mchukua sampuli, akapewa baiskeli, na baiskeli hiyo ikampeleka Kiriba. Huko alikwenda kujaza chupa moja ya maji ya ziwa. Aliijaza mara nne, akaimwaga mara tatu, kwa sababu msichana aliyekuwa akifua nguo jirani alikuwa hajamaliza na yeye hakuwa tayari kuondoka. Msichana huyo ndiye Mama Dafroza, ambaye leo amekaa mstari wa mbele na gauni la bluu. Walifunga ndoa mwaka huo huo wa 1970. Mwandishi wa maneno haya ameolewa wiki saba tu zilizopita, kwa hiyo asamehewe kama atamtaja Mama Dafroza mara nyingi kuliko inavyotakiwa katika wasifu wa mtumishi. Hata hivyo, bila Mama Dafroza, kazi ya matope isingekuwapo, na hilo mtaliona sasa hivi.

Mwaka 1974 alikuja mtafiti mmoja wa chuo kikuu, akakaa nasi miezi mitano. Alimfundisha Mzee Masatu kwamba ndani ya matope na mchanga wa ufukweni wanaishi fangasi wa namna nyingi, ndugu wa ukungu ule unaoota kwenye mkate uliolala, na kwamba kila aina ina chakula chake. Wapo wanaokula majani yaliyooza. Wapo wanaokula nywele, manyoya na kucha. Mahali ambapo uchafu wa watu na wanyama unaingia majini, hawa wa pili huongezeka sana. Uchafu wenyewe unaweza kuchukuliwa na mawimbi asubuhi, na mchana maji yakapimwa yakaonekana safi kabisa, lakini walaji wanabaki chini wakiendelea na maisha yao. Namna ya kuwapata ni kuwatega. Unatandaza matope kwenye sahani, unanyunyizia vipande vya nywele zilizochemshwa, unafunika, unaweka kabatini wiki nne. Kama walaji wapo, nywele zinafunikwa na ukungu mweupe kama pamba ya Bunda.

Mtafiti alipoondoka, aliondoka na nywele zake. Mzee Masatu akabaki na sahani na kabati, bila chambo. Nywele zake mwenyewe zilikuwa fupi, hazikutosha sahani tatu. Akaenda kwa kinyozi wa sokoni kuomba zinazodondoka chini. Kinyozi aliweka mkasi chini, akamwambia, "Masatu, mimi na wewe tunasali kanisa moja. Usinifanye nianze kukuogopa." Ninyi wa huku hamhitaji kuelezwa. Mtu anayeomba nywele za watu asiowajua, tena anasema ni za kuoteshea kitu kabatini, ana bahati akirudi nyumbani na miguu yake.

Habari ilimfikia Mama Dafroza, ambaye wakati huo alikuwa na nywele ndefu zilizokuwa fahari yake. Alichukua mkasi wa cherehani, akakata kimya kimya, akazifunga kwenye karatasi na kumkabidhi mumewe. "Kama ukungu wako unataka nywele, ule za nyumbani," alisema. "Usitangetange na nywele za watu." Tangu siku hiyo, kila zilipokua alizikata. Miaka ishirini na miwili, wapendwa! Kuna wanaume wanaopewa maua, na kuna mwanaume mmoja aliyepewa kichwa kizima, mara tatu kwa mwaka, ili mto Mara upimwe.

Kwetu kichwa cha mwanamke kilichonyolewa ni habari ya msiba. Kila Mama Dafroza alipokwenda Bukima kwa wakwe zake, wanawake walianza kulia wakiwa bado njiani. "Pole, mama! Jamani, tumefiwa na nani tena?" Naye alikuwa akijibu, "Hajafa mtu. Ni kazi ya mume wangu." Jibu hilo halikuwahi kusaidia. Mawifi zake walikaa mwaka mzima wakidhani kaka yao ameajiriwa makaburini.

Kisha ikaja miaka ya foleni, ambayo wengi wenu mnaikumbuka kuliko mwandishi, aliyekuwa bado mtoto. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, petroli ikipatikana ni ya ambulensi. Kulikuwa na kipimo kingine ambacho ukungu huoteshwa kwenye mchuzi wa viazi wenye sukari. Mama Marcelina, mtunza stoo wetu wa miaka hiyo, alimshika Mzee Masatu mlangoni na pakiti mkononi. "Felisian, wanangu wanakunywaga uji wa chumvi, halafu wewe unalisha ukungu sukari?" Kesho yake mzee alikuja na maji ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, akayachuja kwa kitambaa, akachanganya na mchuzi wake wa viazi. Ukungu ukaota bila malalamiko, na sukari ile ikagawanywa kwa watumishi wenye watoto wadogo. Mpaka leo kipimo hicho tunakifanya kwa ndizi.

Gari la kituo lilisimama mwaka 1981 na likakaa juu ya mawe miaka sita, kuku wakitaga ndani. Mzee Masatu aliendelea na baiskeli. Alivuka Kirumi kwa kivuko wakati daraja halijajengwa, akalala Guta kwa wavuvi, akarudi na matope kwenye makopo ya maziwa yaliyofungwa kwa mpira. Tairi lilipopasuka alilishona kwa uzi wa nyavu. Vituo vyake vya kuchukulia sampuli vilikuwa tisa, na katika miaka yote mibaya hakuruka hata kimoja. Mwaka 1987 ni yeye aliyegundua kwamba mchanga wa ufukwe mmoja wa Kiriba umebadilika, na wanakijiji walipotafuta sababu wakakuta vyoo vipya vimechimbwa karibu mno na maji. Vikafukiwa, vikachimbwa vingine juu ya mlima. Hakuna aliyeandika habari hiyo gazetini, lakini wanawake wa Kiriba walimletea kuku wawili na samaki wadogo aina ya furu waliokaushwa, na Mama Dafroza anasema hao furu walikuwa watamu kuliko zawadi yoyote aliyopata maishani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi, ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mambo yalipofunguliwa, maduka yalijaa. Sabuni za kila rangi, redio, mitumba, soda za kopo. Watu binafsi wakaanza kufungua viwanda, na mwaka 1993 Bwana Jilala, mfanyabiashara mchangamfu asiyekosa mzaha, akafungua kiwanda kidogo cha ngozi pembezoni mwa mji, kando ya kijito kinachoshuka mpaka ufukwe wa Mawe Mawili. Pale wafugaji wote wa Mara walipata soko la ngozi zao, na vijana arobaini walipata kazi. Wakati huo huo serikali ilikuwa inapunguza watumishi. Kituo chetu kiliambiwa kitaje sehemu za kufutwa kufikia tarehe 31 Machi 1995. Vituo vya matope vilikuwa vimeshapunguzwa kutoka tisa hadi vinne ili kubana matumizi, na Mawe Mawili kilikuwa kimoja cha vilivyoachwa. Sasa sehemu yote ya matope ikaandikwa ya kwanza kwenye orodha, pamoja na mtumishi wake.

Mwishoni mwa mwaka 1994 walikuja kina mama watano kutoka Mawe Mawili. Walisema maji yanawawasha watoto, nguo zikifuliwa zinanuka ngozi mbichi, na mvua ikinyesha povu linakuja. Kaya zaidi ya mia moja zilichota pale maji ya kunywa. Kituo kilikwenda kuchukua maji, kikayapima, yakawa mazuri. Kikaenda tena, yakawa mazuri. Mkuu wetu, Bwana Nathanieli, hakuwa na namna ila kuandika hivyo. Mmoja wa wale kina mama aliisoma ile barua, akaikunja, akamgeukia Mzee Masatu. "Na wewe mzee, unasemaje?" Mzee akasema yeye hajauliza matope bado.

Basi mtaona hali ilivyokuwa. Sehemu ya matope ikifutwa mwezi Machi, hakuna mtu atakayeyauliza tena, na familia za Mawe Mawili zitaendelea kunywa maji ambayo karatasi inasema ni salama.

Jumatatu tarehe 9 Januari 1995 alikwenda Mawe Mawili, akakwangua matope ya juu ufukweni sehemu sita, akayatega kwa nywele za nyumbani. Baada ya wiki nne sahani zote sita zilikuwa nyeupe. Boke, msaidizi wake, anasema hajawahi kuona kitu kama kile, ilikuwa kama mtu ameangusha mto wa pamba ndani ya kabati. Ripoti ikachapwa. Mkutano ukaitishwa Alhamisi tarehe 16 Februari, Bwana Jilala akaalikwa, na wawakilishi wa Mawe Mawili wakaalikwa. Kituo kizima kilikuwa na furaha, maana ilionekana matope yameokolewa na ufukwe umeokolewa kwa siku moja.

Asubuhi ya mkutano, Mzee Masatu alikuwa anakunywa chai nyumbani. Mama Dafroza alipita nyuma yake, akampapasa kichwani kama wake wanaopenda waume zao wanavyofanya, akasema, "Afadhali, zimerudi. Ulikuwa umefanana na yai." Mzee aliweka kikombe chini.

Jumamosi ya tarehe 7 Januari, siku mbili kabla ya kuchukua sampuli, walikuwa wote wawili Mawe Mawili kwenye matanga ya shangazi yake Mama Dafroza, bibi wa ukoo mkubwa. Kama desturi ilivyo, ukoo mzima ulinyolewa ufukweni, ukaoga ziwani. Watu wasiopungua sabini. Mzee Masatu mwenyewe, mkwe, alinyolewa wa nne au wa tano. Na Jumatatu alirudi pale pale, kichwa kikiwa bado kinang'aa, akachukua matope ya juu kutafuta walaji wa nywele. Hao alikuwa amewaalika kwa karamu yeye na wakwe zake.

Alitembea mpaka kazini, hakupanda baiskeli. Mkutano ulipofunguliwa aliomba kusema wa kwanza. Alisimama na kueleza kila kitu: matanga, wembe, watu sabini, kichwa chake mwenyewe. Akasema ripoti iliyo mikononi mwao haiwezi kumhukumu mtu, na kwamba anaiondoa.

Bwana Jilala akacheka mpaka akafuta macho. "Kwa hiyo mzee wangu, nimeitwa hapa na suti yangu kujibu kesi ya msiba wa wakwe zako?" Watu wakacheka. Mama mmoja wa Mawe Mawili hakucheka. Aliinuka akasema, "Baba, sisi tuliopeleka watoto hospitali, tulikuwaga na msiba mwaka mzima?" Kicheko kikaisha.

Bwana Nathanieli, ambaye leo anaruhusu tuandike haya, alikasirika sana. Alimvuta Mzee Masatu koridoni. "Ungenyamaza tu! Nani angejua habari za wembe?" Mzee akamjibu kwamba watu sabini wanajua, maana vichwa ni vyao, na siku watakapokumbuka hawataamini tena neno lolote linalotoka kwenye jengo hili.

Kisha akarudi ndani na kuomba wiki nne tu, akamgeukia Bwana Jilala na kumwomba jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Bwana Jilala achague mwenyewe mahali pa kuchukulia sampuli. Aje na kufuli lake, afunge kabati mwenyewe, aondoke na ufunguo. Bwana Jilala, ambaye hapendi kushindwa kwa ujasiri, alikubali palepale.

Jumatatu iliyofuata walikwenda watatu: Mzee Masatu, Boke na Bwana Jilala akiwa amekunja suruali. Safari hii mzee hakukwangua matope ya juu. Alikuwa amekata bomba la fremu ya ile baiskeli yake ya zamani, akalizamisha wima ndani ya matope, akaziba juu kwa kiganja na kulitoa likiwa limejaa kama sambusa ndefu. Hoja yake ilikuwa rahisi, na Bwana Jilala aliikubali kabla ya kazi kuanza. Matope hutua mwaka juu ya mwaka. Nywele za matanga za mwezi uliopita zitakuwa juu tu, zisizidi upana wa kidole. Kama chini yake ni kimya, yaani hakuna walaji, kiwanda hakina kosa. Kama walaji wapo chini zaidi, hao hawakuja na shangazi. Bwana Jilala alichagua sehemu mbili ufukweni na sehemu mbili kwenye kijito, juu kabisa, ambako hakuna mfiwa aliyewahi kuoga. Wakachukua na Kiriba, kwa kulinganisha. Boke alikata kila bomba la matope kidole kwa kidole, kisha kila kipande kikapewa sahani yake na nywele zake. Bwana Jilala akafunga kufuli la shaba kubwa kama ngumi.

Wiki nne zile zilikuwa ndefu. Orodha ya wanaopunguzwa ilikuwa tayari imepigwa chapa na jina lake likiwamo, ikisubiri saini. Mzee Masatu alikuja kazini kila siku saa moja na nusu, akaosha chupa kama mwaka 1969, na hakukaribia lile kabati hata kulifuta vumbi. Mama Dafroza alimletea chakula cha mchana kila siku, ugali na dagaa, na walikula wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma bila kuongea sana. Aliyewaona anasema ilikuwa picha ya kutundikwa ukutani.

Jumatatu tarehe 20 Machi kabati lilifunguliwa mbele ya watu kumi na wanane. Boke alitoa sahani moja moja na kusoma. Kiriba, karibu hakuna kitu. Mawe Mawili kidole cha kwanza, nyeupe, Bwana Jilala akasema, "Shangazi." Kidole cha pili, nyeupe. Cha tatu, nyeupe. Cha nne, nyeupe, hafifu kidogo. Cha tano, nywele zilikuwa kama zilivyowekwa, nyeusi na safi. Kijito vilevile, ila huko vidole vilikuwa sita. Ukifuata mchanga unavyotua pale, chini ya vidole vinne ni kabla ya mwaka 1993. Manyoya yenyewe hayakuonekana, yalikuwa yameshaliwa. Walioonekana ni walaji.

Bwana Jilala aliomba sahani ya kidole cha tatu, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kwa muda. "Mimi nilidhani maji yakishapita yamepita," alisema. Akaeleza mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, kwamba maji ya chokaa wanayolowekea ngozi na manyoya yanayokwanguliwa walikuwa wakiyafungulia mvua ikinyesha, ili yachukuliwe haraka. Kwa hiyo siku za jua, siku za chupa zetu, hapakuwa na kitu. Ndani ya miezi miwili alichimba mabwawa matatu ya kutulizia, na manyoya sasa yanachukuliwa na wakulima wa Bugwema, wanayafukia mashambani. Tunamshukuru Bwana Jilala, na tunafurahi kwamba amekuja leo. Vijana wake arobaini bado wana kazi. Jina la Mzee Masatu lilifutwa kwenye orodha kwa kalamu ya mkono, mstari mmoja ulionyooka.

Lakini kwa watu wa Mawe Mawili mambo hayakuishia hapo. Mzee aliwaambia wasichote pale mpaka tope jipya litakalotua juu liwe kimya mara mbili mfululizo. Kwa miezi kumi na mitano walikwenda kisima cha mbali, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, ndoo kichwani, wakiwa wanaliona ziwa upande wa kushoto. Siyo wote waliompenda kwa hilo. Walipomkuta na bomba lake walimsalimia kwa kejeli, "Shikamoo mzee wa tope! Mwenyeji kasemaje leo?" Mwezi wa Juni alisema bado. Septemba bado. Desemba mama mmoja mjamzito aliweka ndoo chini mbele yake na kumwuliza kama yeye amewahi kubeba maji akiwa na mimba. Mzee alisema hajawahi. Akaibeba ile ndoo mpaka kwa huyo mama, na akasema bado.

Mwezi Aprili mwaka huu kidole cha juu kilikuwa kimya. Mara ya kwanza. Mwezi Mei alichukua sampuli zake za mwisho akiwa mtumishi, na Jumatatu tarehe 17 Juni, siku kumi na tatu kabla ya kustaafu, alifungua kabati. Boke anasema alizitazama zile sahani kwa lenzi, kisha kwa hadubini, kisha akazipeleka uani kuzitazama juani, mpaka chai yake ikapoa. Halafu akaketi akaandika barua ya mistari mitatu kwenda Mawe Mawili, akaipeleka mwenyewe. Inasema ufukwe ni salama kuchota, maji yachemshwe kama maji yote, na mwezi Septemba Bi Boke atakuja kuuliza tena.

Bi Boke ndiye anayeshika sehemu ya matope kuanzia Jumatatu. Vituo vimerudi kuwa tisa. Hayo ndiyo mafanikio makubwa ya mzee wetu, pamoja na madaftari kumi na manne yenye mwandiko ulionyooka kama mistari ya mihogo, na watumishi wengi aliowafundisha, ambao wengine leo ni wakubwa wake. Kwa yote hayo, Mzee Masatu, kituo kinakushukuru kutoka moyoni. Na wewe Mama Dafroza, hatuna cheti cha kukupa, kwa sababu hukuandikishwa kazi. Tunasimama tu. Kuanzia wiki ijayo suka, mama, suka mitindo yote!

Jambo la mwisho kabla ya kugawa vikombe. Leo saa kumi na mbili asubuhi kina mama wa Mawe Mawili walifika hapa na ndoo sita, wakaziweka jikoni na kukataza maji ya bomba yasitumike. Chai mtakayokunywa sasa imechemshwa kwa maji ya ufukwe wao. Wametoa sharti moja tu, kwamba aliyesema ni salama anywe wa kwanza, mbele ya watu wote, na Bwana Jilala anywe wa pili. Mzee Masatu ameshaambiwa. Amecheka, akaomba kikombe kikubwa.

Nenda Bukima salama, baba yetu. Mungu akujalie siku nyingi zenye utulivu, shamba lenye rutuba, na mwenzako pembeni yako. Tunawatakia nyote wawili maisha marefu na mema. Karibu mbele, mzee. Kikombe chako kiko mezani.